Kuisoma Peponi kwa kuanzia mlangoni

Ukitaka Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ikuingie, usianze na ukoloni wa Wajerumani wala na Nobeli ya Fasihi aliyoipata mwandishi mwaka 2021. Anza na mlango wa bustani. Nimekisoma kitabu hiki mara tatu, mbili kwa Kiingereza, na ya tatu katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonifungua macho.

Kabla hujafunua ukurasa, soma Sura ya Yusuf, ya 12 katika Kurani, maana kijana wa riwaya naye anaitwa Yusuf na mkasa wake unaufuata wa Nabii huyo. Aya zake ni 111, jioni moja inatosha. Kama hukupita chuo cha Kurani, tafuta mtu mzima akusimulie. Mimi nilisimuliwa na bibi yangu, Tanga, tukichambua mchele. Alipofika kwenye kanzu ya Nabii Yusuf, iliyochanwa na mwanamke aliyemtaka, akaliweka ungo chini, akanishika gauni mgongoni na kulivuta: “Mwenye kukimbia huchanwa wapi, mjukuu wangu?” Nikajibu, nyuma. Miaka mingi baadaye nikafika pale katika riwaya ambapo Bibi wa nyumba, Zulekha, mke wa tajiri Aziz, anamshika kijana Yusuf na shati lake likachanika mgongoni, nikauhisi mkono wa bibi yangu.

Sasa chukua karatasi kubwa na penseli. Katikati chora bustani ya tajiri Aziz: ukuta, birika, na mifereji minne inayotoka birikani kwenda pande nne, kama mito ya Pepo. Nje ya ukuta chora duka na baraza yake, maana hapo ndipo Yusuf na Khalil, kijana mwenzake wa dukani, wanapolala. Halafu andika nani anaingia wapi. Mzee Hamdani yumo ndani, anahudumia miti. Bibi Zulekha haonekani, lakini ametundikiwa vioo mitini aone bustani kutoka alikojificha. Yusuf amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Angalia pia maneno, kwani nayo ni kuta: anamwita Aziz ami, na Khalil anamkanya, si ami yako, ni seyyid, yaani bwana. Hapo mimi huwa nasimama kidogo. Mtoto amepokonywa ujamaa kwa neno moja.

Kutoka bustanini vuta mstari wa msafara wa biashara kwenda bara, upite mji wa mfanyabiashara Hamid chini ya mlima, uvuke ziwa, ufike kwa Chatu, mtawala wa huko bara. Kila kituo andika pembeni hadithi inayosimuliwa hapo. Kwa Hamid watu wanabishana juu ya milango ya Pepo na ukuta uliowazuia Yajuju na Majuju, wale waharibifu wa nchi wanaotajwa katika Kurani. Utaona jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha riwaya: palipoishia njia anayoijua msimulizi, ndipo anapoanza kuweka mazimwi. Na kumbe watu wa huko mbele nao wanawatazama wafanyabiashara wa pwani hivyohivyo. Chatu anawajua kwa bidhaa na utumwa waliouleta.

Linganisha basi hadithi mbili. Nabii Yusuf anatoka gerezani kwenda kushika ghala za nchi, na baba anarudishiwa mwanawe. Huyu Yusuf wa riwaya, aliyetoka mji wa Kawa, hapati ghala, wala baba hamwoni tena.

Ukurasa wa mwisho usome polepole. Askari wa Mjerumani wanaondoka, na nyuma yake Yusuf anasikia kama milango ya bustani inakomewa. Rudi kwenye karatasi yako, weka penseli pale ulipoandika “mlango”, uamue mwenyewe amefungiwa nje au ametoka.