Mwambie mtoto achore mtu, kisha andika tarehe nyuma

Kwa walimu wa awali na wazazi: mpe mtoto karatasi tupu na penseli, mwambie "Nichoree mtu, kuanzia kichwa hadi miguu," kisha nyamaza. Usimwonyeshe mfano. Akimaliza, mwulize "Niambie kuhusu huyu," na maneno yake uyaandike nyuma ya karatasi pamoja na tarehe na umri wake kwa miaka na miezi. Rudia baada ya miezi sita hivi, uzilinganishe.

Inasaidia kufuatilia ukuaji wake kwa sababu mtoto mdogo huchora anachokijua zaidi kuliko anachokiona. Kipimo cha mwanasaikolojia Mmarekani Florence Goodenough cha mwaka 1926 kilijengwa juu ya wazo hilo: alihesabu viungo vya mwili na vitu vidogo vilivyochorwa, si uzuri wa mchoro. Wengi wa miaka 3 hadi 4 huchora kichwa kilichoota miguu moja kwa moja. Kiwiliwili hufuata baadaye, mara nyingi kufikia miaka 5 au 6.

Haifai kwa mtoto asiyezoea penseli, anayeumwa, au aliyenakili kwa jirani. Na kwenye hisia, tafadhali sana: rangi nyeusi au mtu asiye na mikono si ushahidi wa huzuni wala wa kuonewa. Pengine ndiyo kalamu pekee iliyobaki kwenye kopo! Maelezo yake na mwenendo wake wa kila siku vina uzito zaidi. Lakini michoro kadhaa mfululizo ikionyesha anapoteza alichokuwa anakiweza, mpeleke kwa daktari wa watoto, na picha zote uende nazo.