Injini Moja Inapozimika: Kuimudu Ndege ya Mafunzo ya Injini Mbili

Mwongozo huu umetokana na kumfundisha mwanafunzi aliyeyajua maagizo yote kwa kichwa, lakini ambaye ndege yake ilikataa kupanda kila nilipopunguza nguvu za injini moja. Nachukulia kwamba msomaji tayari ni rubani wa ndege ya injini moja.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kuwasha

Injini moja ikizimika, nguvu hupungua kwa nusu, ila uwezo wa kupanda hupungua zaidi ya hapo, kwa sababu ndege hupanda kwa zile nguvu za ziada zinazobaki baada ya kuiweka angani. Piper Seminole, ndege ndogo ya mafunzo ya injini mbili, ikiwa na uzito kamili katika usawa wa bahari, hupanda takriban futi 1,200 kwa dakika kwa injini zote mbili, na takriban 200 tu kwa injini moja. Joto na mwinuko wa uwanja vinaweza kuzimaliza hata hizo 200. Tafuta takwimu za siku hiyo kwenye michoro ya kitabu cha ndege, kwa penseli na rula. Programu za simu zinazotoa jibu bila kumwonyesha rubani mchoro siziungi mkono.

Hatua ya 2: Amua mapema

Tamka kwa sauti, ndege ikiwa bado imesimama: injini ikizimika kabla ya kuacha ardhi, nguvu zote zinaondolewa na breki zinakanyagwa, ikizimika hewani, magurudumu yakiwa bado chini na njia ya kurukia ikiwa bado inatosha, tunatua, magurudumu yakishapanda, tunaendelea kwa mwendo wa mstari wa buluu (alama kwenye kipimo cha mwendo inayoonyesha mwendo wa kupanda vizuri zaidi kwa injini moja), na ndege isipopanda tunashusha pua na kutua mbele tukiwa bado tunaimudu.

Hatua ya 3: Izuie pua

Pua hukimbilia upande wa injini iliyokufa, kwa hiyo pedali ya upande wa pili kwanza, kisha nyenzo zote za injini mbele, flapu juu, magurudumu juu.

Hatua ya 4: Tambua, thibitisha, laza mapanga

Mguu usio na kazi ndio unaoonyesha upande wa injini iliyokufa. Usiguse wenzo wa propela kabla ya kuurudisha nyuma taratibu wenzo wa nguvu wa upande huo. Sauti isipobadilika, wala mguu usilazimike kubadili msukumo, umeipata. Februari 4, 2015, huko Taipei, injini moja ya ndege ya TransAsia 235 ilipopoteza nguvu, ile iliyozimwa na marubani ilikuwa nzima, na watu 43 walifariki. Ndege hiyo, ATR 72, ni kubwa kuliko zetu, lakini kosa hilo linawezekana kwenye yoyote.

Ukishathibitisha, laza mapanga ya propela, yaani yageuze ili makali yake yakate upepo. Usikawie: kwenye Seminole, mizunguko ikishuka chini ya 950 kwa dakika, vizuizi vya ndani hujifunga na mapanga hayalali tena.

Hatua ya 5: Nusu kipira

Hapa ndipo mwanafunzi wangu alipokwama. Alikuwa akinyoosha mabawa na kukiweka kipira (kile cha kwenye kipimo kinachoonyesha ndege ikiteleza ubavu) katikati kabisa, kama alivyozoea, na hali hiyo kwa injini moja huifanya ndege iende ubavu kuelekea injini iliyokufa, ikikinga upepo kwa kiwiliwili chake. Maelezo ya ubaoni hayakumsaidia. Kilichomsaidia ni uzi wa sufu uliobandikwa kwa gundi ya karatasi kwenye pua, katikati kabisa, mbele ya kioo, mahali ambapo kwenye ndege hizi hapana propela ya kuuvuruga.

Mabawa yakiwa yamenyooka, ncha ya uzi ilikimbilia upande wa injini nzima. Alipoinamisha bawa la upande wa injini nzima kwa digrii 2 hadi 3 na kulegeza pedali mpaka kipira kikasogea nusu ya upana wake upande huohuo, uzi ulinyooka na kipimo cha kupanda kikaanza kuinuka. Hakuna kifanisi cha mezani (kompyuta inayoigiza urukaji) kinachofundisha jambo hili vizuri kama uzi.

Kuna tahadhari, hata hivyo. Omba ruhusa kabla ya kubandika chochote kwenye ndege. Kwenye skrini za kisasa, badala ya kipira kuna kibao kidogo chini ya pembetatu. Nusu ya upana wa kibao hicho ndiyo kipimo. Mkufunzi aweke nguvu zilizoandikwa kitabuni za kuiga propela iliyolazwa, kwani propela inayozungushwa na upepo huburuta ndege na kuharibu somo. Kuinamisha kupita digrii 5 kunarudisha ukinzani uleule ulioukimbia. Tena mstari mwekundu, yaani mwendo wa chini kabisa ambao ndege bado inaweza kuongozwa kwa injini moja, na ambao kwenye Seminole ni noti 56 (maili za baharini kwa saa), ulipimwa bawa likiwa limeinamishwa hadi digrii 5. Kila digrii inayopungua hapo inaweza kupandisha mwendo huo wa chini kwa zaidi ya noti 3.

Hatua ya 6: Zoezi la mwendo wa chini

Lifanyie juu, lakini kumbuka kwamba kadiri hewa inavyokuwa nyepesi, injini nzima hudhoofika na mwendo wa mstari mwekundu hushuka, ilhali mwendo ambao bawa hupoteza mnyanyuo haushuki kwenye kipimo. Viwili hivyo vikikutana, ndege huweza kuzunguka kama pia. Ndiyo maana napendelea mkufunzi azuie pedali mapema, ili pua ishinde mguu kungali na mwendo wa kutosha. Punguza noti 1 kwa sekunde, na pua ikianza kukimbia, au king'ora cha kupoteza mnyanyuo kikilia, punguza nguvu za injini nzima na ushushe pua kwa wakati mmoja.