Ukuta wa vikapu vya udongo: jinsi ya kuujaza usitumbuke

Masika yakikaribia, wenye stoo, yadi na nyumba za mabondeni Arusha na Moshi huanza kuulizia vikapu vya waya vya kujengea ukuta wa kuzuia mafuriko, vyenye kitambaa kizito cha jiotekstaili ndani cha kushikilia udongo. Vya kampuni ya Hesco ya Uingereza, aina inayotumika sana, vina urefu wa mita 10, kimo cha mita 1.37 na upana wa mita 1.06. Fundi wa kuchomelea anaweza kukuundia vya mita 1 kwa 1. Mwambie atumie waya wa milimita 4 uliopakwa zinki, kwa sababu mweusi huliwa na kutu ukigusa udongo mbichi.

Hatua ya 1: Mahali. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Zungushia jengo lako, usiuzibe mto ukamsukumia jirani maji. Ukiwa karibu na mto, pitia kwanza Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ofisi iko Moshi.

Hatua ya 2: Kwangua nyasi na udongo wa juu sentimita 15, sawazisha, vuta kamba.

Hatua ya 3: Kunjua vikapu, unganisha, funga kwa bainding waya.

Hatua ya 4: Kujaza. Kuta nyingi huharibikia hapa, kwa hiyo usiikimbize.

Ukuta wa mita 10 wenye kimo na upana wa mita 1 unakula mita 10 za ujazo zilizoshindiliwa. Agiza 12 au 13, maana udongo uliolegea hushuka. Usinunue kwa tripu; pima bodi la lori.

Moramu yenye mchanga na changarawe ndiyo bora. Udongo wa mbuga uache kabisa: ukilowa huvimba na kusukuma waya, ukikauka hupasuka. Kokoto za volkano zenye matundu ni nyepesi mno, na ukuta huu unasimama kwa uzito wake tu. Maji ya kina cha mita 1 husukuma kila mita ya ukuta kwa nguvu ya takriban kilo 500. Yakifika mita 2, ni kilo 2,000. Ndiyo maana kikapu kimoja hakibebeshwi kingine kimoja juu yake. Ukitaka ghorofa, chini weka safu mbili.

Kunja kwanza pindo la kitambaa kuelekea ndani ya kila chumba cha kikapu (nafasi iliyotengwa kwa kuta za waya), la sivyo udongo utavujia chini. Kisha tupia sentimita 20 katika vyumba vyote kabla hujaongeza popote. Ukijaza kimoja mpaka juu huku cha pembeni kikiwa kitupu, ukuta wa kati hupinda na mstari wote huenda upogo, na dawa yake ni kutoa udongo wote kwa beleshi. Lori lisimwage moja kwa moja, linachana kitambaa.

Finya udongo kiganjani: ukishika umbo na kuvunjika vipande viwili vitatu ukiguswa, shindilia. Ukiacha maji kiganjani, usubiri ukauke. Tumia shindilio la mkono, ukianzia pembe kisha katikati. Mashine ya sahani naikataa, maana inatumbua waya. Rudia kila sentimita 20 mpaka ukingoni.

Hatua ya 5: Jiotekstaili hupitisha maji, kwa hiyo upande wa mafuriko shusha nailoni nene kutoka juu, itandaze mita 1 mbele, ikandamize kwa viroba vya mchanga vilivyogusana.

Kwa ulinzi wa yadi: ukuta unazuia gari, lakini matundu ya waya ni ngazi kwa mwizi. Weka seng'enge juu, na acha mita 2 pasipo miti wala mapipa pande zote mbili.

Baada ya mvua kubwa ya kwanza udongo hushuka. Fungua nailoni juu, ongeza, shindilia, ifunge tena.