Dogo anajua mpira na mnaishi Dar: anza na mtaa kabla ya akademi

Wazazi wengi wakishaona mtoto anapiga danadana vizuri swali la kwanza ni "nimpeleke akademi gani", wakati la kujiuliza kwanza ni huyu mtoto akitoka shule anacheza wapi, na nani, na kwa mda gani. Akademi inampata mara mbili tatu kwa wiki, mtaa unampata kila siku.

Kuna utafiti wa 2006 wa mtafiti Jean Côté wa Canada na wenzake, waliangalia wachezaji wa kulipwa wa kikapu, besiboli, gofu na ule mpira wa magongo wa kwenye barafu kule Marekani na Canada, wakakuta waliozaliwa miji yenye watu chini ya 500,000 ni wengi kupita matarajio na wa majiji makubwa ni wachache ukilinganisha na wingi wa watu huko. Maelezo waliyotoa ni kwamba mji mdogo una nafasi, una usalama, mtoto anatoka kucheza bila kusubiri ratiba ya mtu. Sasa Dar kwa sensa ya 2022 ina watu 5,383,728, ukisoma kichwakichwa unaweza ukafunga mizigo urudi kijijini. Tulia kwanza. Nchi nyingine walivyopima namba hazikutoka vilevile, na mshambuliaji Mbwana Samatta amekulia Mbagala hapahapa na amefika mpaka Aston Villa ya England 2020. Mimi naona kwa mtoto wa miaka 8 Dar nzima haipo, kuna pale miguu yake inapofika basi, kwaiyo hapo ndo pa kupima.

Fanya hivi: Jumamosi saa kumi na nusu jioni toka nyumbani utembee dakika kumi upande mmoja, afu rudi ujaribu upande mwingine. Angalia kama kuna eneo la wazi, watoto wapo au wanacheza wakubwa tu, kuna ukuta wa kupigia mpira bila mwenye nyumba kufoka, na barabara gani inavukwa. Kiwanja kizuri cha kupanda daladala mbili usikihesabu, mtoto hawezi kwenda mwenyewe.

Ukiishi uswahilini, Manzese, Tandale, Mbagala, Vingunguti, tayari una kitu ambacho wenzako wanakinunua. Angalia chandimu inavyochezwa: uchochoro wa upana wa kitanda na nusu, goli ni kandambili mbili, mpira wa matambara na mifuko umekazwa na kamba, ukuta unatumika kupasiana, mtaro upo pembeni na anayetumbukiza ndo anaenda kutoa. Kuna wa miaka 7 na wa miaka 13 humohumo, mdogo asipoachia mpira haraka anakanyagwa, kwaiyo anajifunza kutazama kabla mpira haujamfika, hakuna kocha wa kumfundisha hiyo kwa kupuliza filimbi. Sasa tatizo la chandimu ni kwamba haina pasi ndefu, haina krosi, haina mbio za mita 40, na mpira wa matambara haudundi kama mpira wenyewe. Ndo maana unakuta dogo mtaani ni mfalme afu akiingia kiwanja kikubwa anapotea kabisa. Dawa yake, mara moja kwa wiki mpeleke uwanja kamili wa mchangani na mpira wa kweli, hata wakicheza sita kwa sita, na siku nyingine muache na uchochoro wake. Usimkataze chandimu eti inaharibu vidole, mkaguzie misumari na chupa basi.

Ukiishi ushuani, au popote penye geti kali, shida ni nyingine. Gari la shule linamchukua saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa kumi na moja jioni, anakula, tuisheni, analala. Jumamosi ana mazoezi ya kulipia ya dakika tisini, viatu vizuri, koni zimepangwa, lakini nusu ya mda amepanga foleni kusubiri zamu yake. Huyu anahitaji fujo. Ongea na wazazi watatu wanne wa jirani mpokezane kusimamia, mfungue geti siku mbili kwa wiki watoto wacheze wenyewe wagombane wenyewe waamue goli au sio goli, mtu mzima akae mbali na simu yake. Na kama binamu zake wako Temeke likizo mpeleke huko, atarudi na vumbi na miguu mepesi.

Mtoto wa kike nisimpite. Kiwanja cha mtaa mara nyingi kina wenyewe, na wenyewe ni wavulana, afu saa ya mchezo ndo saa ya kuchota maji na kukatakata mboga. Kumwambia "nenda ukacheze" peke yake haisaidii. Mtafutie wenzake wawili watatu waende pamoja, ongea na kocha wa mchangani atenge mda kabla giza halijaingia, na pale nyumbani kaka yake naye ashike ndoo. Shule nazo zina kiwanja cha netiboli, muulize mwalimu wa michezo kama kinatumika baada ya masomo au kimegeuka sehemu ya kuegesha magari.

Na asicheze kitu kimoja. Hasheem Thabeet amezaliwa Dar, kikapu alikianza akiwa kijana tayari, na 2009 akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, yaani pale timu za ligi ya kikapu ya Marekani zinapochagua wachezaji wapya. Viwanja vya kikapu ni vichache, mitaa mingi haina hata ringi moja, ila pale JMK Park Kidongo Chekundu vipo. Kuogelea ndo kichekesho, bahari tunayo mlangoni lakini mabwawa mengi yapo hotelini na kwenye shule za ada kubwa, kwaiyo asiyejua kuogelea usimtupe baharini peke yake.

Kuna wanaoniuliza kuhusu riadha, maana wakimbiaji wetu Alphonce Simbu katokea Singida, Filbert Bayi Karatu, kote huko ni juu, sisi tupo usawa wa bahari na joto la Januari linabana kifua. Mtoto wa miaka 11 hana haja ya kupelekwa milimani. Akimbie ufukweni maji yakiwa yametoka, mchanga umeshikana, kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, na maji ya kunywa awe nayo. Akifika miaka 17 na bado anawaacha wenzake, hapo ndo mzungumzie kambi za Arusha.

Akademi je? Mimi ningesubiri miaka 12 au 13, na akikataliwa kwenye majaribio angalia kwanza kazaliwa mwezi gani, maana wa Novemba akipangwa na wa Januari wa mwaka huohuo anaonekana dhaifu kumbe kapitwa miezi kumi tu. Akikubaliwa, piga hesabu ya njia kabla ya ada. Kutoka Gongo la Mboto mpaka Chamazi jioni na foleni hii, panda shuka panda shuka, siku nne kwa wiki, kazi za shule atafanya saa ngapi? Nenda naye wiki moja nzima kwa usafiri atakaotumia, na kama mnaingia ndani saa tatu usiku, mrudishe timu ya karibu na nyumbani hata kama jezi zao zimechanika.