Kumaliza hija ya miguu Ufaransa: siku za mwisho hadi Saint-Jean-Pied-de-Port

GR 65, njia ya miguu ya mahujaji kutoka Le Puy-en-Velay hadi mji wa Saint-Jean-Pied-de-Port, ina takriban kilomita 750, na wengi huharibikiwa karibu na mwisho. Wakishaiona milima ya Pirenei wanaunganisha vituo viwili kwa siku moja. Kano ya kisigino inavimba, safari inaishia kwenye basi. Kutoka mji wa Navarrenx zimebaki kilomita sitini na kitu. Zigawe siku tatu: lala Aroue, kisha Ostabat.

Maandalizi yaanzie Dar. Coco Beach haitoshi, ni tambarare mno. Nenda vilima vya Pugu na shanta lenye chupa za maji, kilo 6 au 7, na ushuke zaidi ya unavyopanda, kwani goti huumizwa na mteremko. Viatu viwe namba moja zaidi; miguu hutanuka baada ya wiki kadhaa. Ngozi ikianza kuwaka, simama papo hapo ubandike plasta. Lengelenge halingoji ufike.

Fuata alama nyeupe na nyekundu. Ukikuta zimepigwa msalaba, umepotea: rudi.

Nunua chakula Jumamosi, maana vijijini maduka mengi hufungwa Jumapili mchana na Jumatatu. Weka nafasi ya kulala mapema.

Saint-Jean-Pied-de-Port utaingilia lango la Saint-Jacques. Teremka Rue de la Citadelle, ofisi ya mahujaji iko hapo. Gonga mhuri wa mwisho kwenye kijitabu chako cha hujaji, kile kinachogongwa mihuri njiani. Treni ya Bayonne huchukua kama saa moja.