Kufunga kamera ya rivasi kwenye Hilux: kazi ipo kwenye njia ya waya

Kamera yenyewe inakazwa kwa skrubu mbili tu. Kinachowarudisha wateja kwa fundi ni waya, na kwenye pikapu zaidi, kwa sababu kebini na bodi ni vitu viwili vilivyokalia chesisi moja na kila kimoja kinacheza kivyake barabara ikiwa mbovu. Waya uliovutwa kwa nguvu kati yao hukatikia ndani ya gamba lake, na kwa nje huoni kitu.

Hapa nazungumzia Hilux dabo kebini yenye redio ya skrini iliyonunuliwa dukani. Pikapu nyingine yenye balbu za kawaida nyuma, utaratibu ni huohuo.

Kabla ya yote, pima kebo ya video. Dabo kebini ina urefu wa mita 5.3 hivi, na kebo ya kwenye boksi mara nyingi ni mita 6. Ukihesabu harakaharaka unaona inatosha, lakini ukishaipitisha nyuma ya dashibodi, ikashuka sakafuni na kufuata kona za chesisi, inaishia njiani. Chukua ya mita 10; itakayobaki ikunje chini ya dashibodi.

Hatua ya 1: Jaribu kabla ya kutoboa. Unganisha kamera na betri na redio, vyote vikiwa nje, uone picha. Picha ikija bila rangi au inakimbia juu na chini, ingia kwenye mipangilio ya redio ubadilishe PAL iwe NTSC (mifumo miwili ya picha ya video), au kinyume chake. Isipokuja kabisa, huenda kamera ni ya AHD (mfumo mpya wa video yenye picha kali) na redio ni ya mfumo wa zamani. Hizo hazielewani, irudishe dukani. Kwenye mkia wa kamera nyingi kuna vitanzi viwili vyembamba vya waya: kimoja ukikikata picha inageuka, kingine kinaondoa mistari ya kuegeshea. Soma karatasi yake kwanza, rangi hazifanani kwa kila mtengenezaji.

Hatua ya 2: Tafuta waya wa rivasi. Vuta hendibreki, weka gogo nyuma ya tairi, washa switchi bila kuwasha injini, ingiza rivasi. Fungua taa ya nyuma na upime kwa mita ya umeme: waya unaosoma volti 12 hivi, kisha unarudi sifuri ukitoa gia, ndio wenyewe. Usiamini rangi, hasa kwenye gari ambalo limeshapita kwa mafundi wengine. Ukishaupata, chomoa hasi ya betri.

Hatua ya 3: Unganisha nyuma. Chanya ya kamera inaingia kwenye waya wa rivasi kupitia fyuzi ya ampia 2. Chomea kwa risasi, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Vile vibanio vya plastiki vinavyotoboa waya sivipendi kwa kazi ya chini ya gari: maji yanaingia kwenye kitundu, shaba inageuka kijani, na baada ya masika kamera inaanza kuwaka na kuzima.

Arthi, yaani pale waya hasi wa kamera unapokazwa kwenye chuma cha gari, ndiyo inayodharauliwa kuliko yote. Kwaruza rangi mpaka uone chuma kinang'aa, kaza kwa bolti, paka grisi juu yake. Arthi ikiwa dhaifu, umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia gamba la kebo ya video, na hapo utaona mistari ikitambaa kwenye skrini injini inapounguruma. Watu hubadilisha kamera nzima kwa tatizo la bolti moja yenye kutu.

Hatua ya 4: Pitisha kebo. Ifunike kwa bomba la mikunjo, uifuatishe kwenye chesisi upande usio na ekzosi, mbali na propela na springi. Usiifunge kwenye paipu za breki. Kati ya bodi na kebini acha ulegevu wa kiganja kizima. Kamera ikikaa kwenye mlango wa bodi, pitisha waya karibu na bawaba, kisha fungua na kufunga mlango mara kadhaa ukiutazama.

Kuingia kebini, tumia tundu lenye mpira ambalo tayari lipo sakafuni. Kwa nje, acha kebo ining'inie kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda, ili maji yadondokee hapo badala ya kuingia ndani.

Hatua ya 5: Redio. Plagi ya njano inaingia kwenye soketi iliyoandikwa CAMERA. Ule waya mwekundu mwembamba unaotoka pembeni ya plagi, ncha ya nyuma iunge pamoja na chanya ya kamera, ya mbele kwenye waya wa redio ulioandikwa REVERSE au BACK. Bila huo redio haijui kama umeingiza rivasi.

Hatua ya 6: Pima mistari. Rudisha hasi ya betri. Chora mstari wa chaki mita 1 nyuma ya bampa, uangalie unaangukia wapi kwenye skrini. Rudia ukiwa na mzigo: nyuma ikishuka, kamera inashuka na kuinama, hivyo mstari mwekundu wa kuegeshea kwenye skrini utakuwa unaonyesha mahali palipo karibu zaidi na bampa kuliko ulivyopima bodi ikiwa tupu.