Somo: Kuitafuta mashua ya nyumbani iliyouzwa zamani

Mashua yetu iliuzwa nikiwa darasa la tano. Ndiyo iliyokuwa ikitupeleka kisiwani Pate kwa bibi kila likizo, sisi watoto tumelala juu ya magunia. Nilipokua nikaiulizia kwa jina miaka miwili mizima, nikatoka kapa. Jina la chombo ni rangi tu. Mnunuzi hulifuta siku anayotaka.

Kwanza, kaa na wazee uandike umbo lake. Kama kilikuwa na matengo, zile mbao za pembeni za kukizuia kisipinduke, hiyo ni ngalawa. Kama tezi, yaani upande wa nyuma, lilikuwa bapa, ni mashua au jahazi. Kwa jahazi tazama omo, yaani upande wa mbele: la Lamu husimama wima, la Unguja hulalia mbele. Fukua na picha za harusi na za sikukuu, maana mara nyingi chombo kimo nyuma ya watu.

Pili, mwaka. Wazee wetu hawataji tarehe, wanataja kazi. Mjomba aliposema ilikuwa ikipeleka boriti za mikoko kwenye majahazi ya Waarabu, nikajua ni kabla ya 1982, Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje.

Tatu, mtafute fundi kabla ya ofisi. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Matondoni kule Lamu na Nungwi kule Unguja wapo watu waliokulia chini ya vyombo, na fundi huujua mkono wa mwenzake: taruma, zile mbavu za chombo, zilivyopangwa, tezi lilivyomaliziwa. Mpelekee picha na urefu wa mkuku, ule uti wa chini wa chombo; hadithi ya utotoni iache nyumbani. Kisha ukae, unywe kahawa. Mimi fununu niliipata siku ya tatu, tena kwa mzee aliyekuwa kando akitia kalafati, yaani akiziba nafasi za mbao kwa pamba, ambaye hata sikuwa nimemwuliza.

Nne, usajili. Kenya nenda Mamlaka ya Bahari, Tanzania Bara TASAC, shirika la uwakala wa meli, Zanzibar wana mamlaka yao. Kama picha inaonyesha namba, nenda nayo.

Tano, ukikiona usiziamini mbao, kwani hubadilishwa mojamoja. Pima mkuku, tafuta na alama ya kwenu. Yetu ilikuwa kovu la moto kwenye taruma, mama alipomwaga makaa tukiwa katikati ya mkondo.

MASWALI

Yetu iliitwa Tawakal. Nianzie wapi?

Ndugu yangu, liite jina hilo Bandari ya Kale Mombasa uone watakaogeuka! Anza na nahodha wa mwisho. Jina lake lina faida kuliko la chombo.

Jahazi la babu tunasikia lilivunjwa. Ndo basi tena?

Bado. Maseremala wa Lamu na Unguja hununua mbao za vyombo kuukuu, wakatengeneza meza, viti na fremu za vioo. Uliza mbao zilichukuliwa na nani. Huenda babu yako amekuwa meza ya chakula kwa watu.

Nikimpata mwenye nacho nimwambieje, asidhani nadai mali?

Mwambie kabla hujagusa kitu. Mimi nilianza kupima mkuku salamu hazijaisha, mwenyewe akaninyang'anya futikamba. Nikamtolea picha ya zamani, akaitazama kimya, akaniuliza yule mama mwenye sufuria ni nani. Jumamosi yake alitupakia, mimi na mama, tukavuka hadi kisiwa cha Manda.